Ishirini na Nne Jumlisha Mgeni

Nikikwambia kwamba Ashatu binti Mikdad wa Kaole hajui hesabu, ujue nimekudanganya. Mwanamke huyu ukimwita kwako ukamwambia, "Bi Ashatu, naoza mwanangu, nimealika watu mia mbili na arobaini," hashiki kalamu wala simu. Anatazama dari kidogo, anavuta ushungi, anakutajia: mchele kilo sitini, nyama kilo ishirini na nne, masinia sitini na mawili. Wewe mwenye shughuli unabaki kujiuliza hayo mawili yametoka wapi, maana watu mia mbili na arobaini wakila wanne wanne ni masinia sitini, basi.

Hayo mawili ni ya mgeni. Bibi yake alimlea hivyo: ukipika shughuli, unapakua sinia moja au mawili ya ziada, unayafunika kwa kawa la ukindu, unayaweka pembeni, na mtu asiyaguse mpaka atokee ambaye hakuna aliyemtaja. Na siku zote hutokea. Mara ni shemeji wa Vigwaza aliyesikia habari kwa watu, mara ni dereva wa gari la viti anayesema ameshiba huku keshanawa mikono. Miaka thelathini Ashatu anapika, na hajawahi kurudi nyumbani na sinia lililobaki na kawa lake.

Basi hesabu anazijua. Tatizo ni kuziandika, na tatizo hilo lilimpata akiwa na miaka hamsini na mbili, wakati watu wengine wanafikiria kupumzika.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka kumi na minne Ashatu alikuwa mpishi msaidizi katika shule moja ya wasichana ya bweni, hapo kati ya Kaole na mjini Bagamoyo. Mpishi mkuu, mzee Bwanausi, akastaafu. Kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka paka wa jikoni, alijua nafasi ile ni ya Ashatu. Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye kauli: mkuu mpya wa shule, Madam Raya, mwalimu wa hisabati, mwanamke mwembamba asiyependa kitu kinachokwenda kwa kukadiria.

"Bi Ashatu," alimwambia ofisini, "chakula chako nakila na nashukuru. Lakini mpishi mkuu ndiye anayepanga vipimo vya wasichana mia tatu kila siku, na mimi nataka kujua anavipanga vipi. Nitakupa maswali kumi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukipata saba, jiko ni lako. Usipofika saba, nitamchukua Amin."

Huyu Amin alikuwa na cheti cha upishi wa hoteli chenye muhuri wa dhahabu, na kofia yake mwenyewe. Siku aliyokuja kujaribiwa alipima chumvi ya makande ya watu mia tatu kwa kijiko cha chai. Alisimama pale akihesabu vijiko, mpaka msichana mmoja akasinzia foleni na sahani mkononi. Chini ya huyo ndipo Ashatu angekaa akikoroga uji mpaka azeeke.

Tusifichane, Ashatu aliumia. Alirudi kwake akakaa kwenye kigoda, akamenya vitunguu ambavyo hakuwa na haja navyo, ili akilia apate kisingizio.

Kilichomtisha zaidi si maswali. Kaole nzima mtu wa kumfundisha hesabu za karatasi alikuwa mmoja, na huyo ndiye ambaye Ashatu aliapa hatamwomba hata maji ya kunywa: Mwalimu Mwinyijuma. Mwaka themanini na nne, Mwinyijuma akiwa mwalimu mpya, suruali imenyooshwa pasi inakata, alitoa mtihani wa hesabu darasa la tano. Maswali ishirini. Ashatu aliandika majibu ishirini, yote sahihi, na hakuandika kitu kingine chochote. Hakuna kujumlisha pembeni, hakuna kugawanya, hakuna mstari. Mwalimu akaitazama ile karatasi, akasema majibu yasiyo na njia ni majibu ya wizi. Akampa sifuri, na viboko viwili juu yake. Ati amemwibia Maulida aliyekaa jirani yake.

Maulida alipata manne. Sasa niambie, mtu anaibaje ishirini kwa mwenye manne? Lakini darasani hakuna aliyeuliza, na Ashatu alipomaliza shule hakushika tena kalamu kwa hesabu. Alishika upawa.

Siku tatu alizunguka na kiapo chake. Siku ya nne akapika vitumbua, akajifunga kanga, akaenda. Alikwenda baada ya swala ya alasiri, akakaa barazani mchana kweupe, ili watu wasipate la kusema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ashatu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimeletwa na shida."

Mwinyijuma sasa alikuwa mzee wa miaka sitini na tano, mvi kichwani, suruali bado inakata. Alisikiliza habari yote, akala kitumbua kimoja, akafuta vidole kwenye leso, akaingia ndani. Akatoka na ubao mdogo na chaki. Mstaafu gani anayehifadhi chaki nyumbani? Mwinyijuma.

"Tuanze kwa jepesi," alisema. "Mama ana maandazi ishirini na manne. Ana watoto sita. Kila mtoto atapata mangapi?"

"Matatu," alisema Ashatu papo hapo.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Ashatu, ishirini na nne gawanya kwa sita."

"Nne. Najua ni nne. Nne ni kama mnakula mmefunga mlango. Ukiwapa matatu matatu umetoa kumi na manane, yanabaki sita. Manne ya mgeni, mawili ya asubuhi."

"Mgeni yuko wapi kwenye swali?"

"Mgeni akishaandikwa kwenye swali si mgeni tena, Mwalimu. Huyo ni mwalikwa."

Mwinyijuma alifumba macho kwa muda, kama mtu anayesubiri jino liache kuuma. Kisha akaeleza taratibu kwamba kwenye mtihani hakuna mgeni. Mlango umefungwa, maandazi ni haya, watoto ni hawa. Ashatu alisikiliza kwa adabu, na swali lililofuata, la machungwa na wauzaji, akabakiza machungwa matano. Mwalimu akamwapisha. Mkono wa kulia juu, mbele ya ubao, akaapa kwamba siku ya mtihani hatamwingiza mgeni yeyote kwa idadi yoyote. Aliapa, lakini roho ilimsuta, maana ni sawa na kuapishwa usimkaribishe mtu.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili lilikuwa la zamani.

"Kilo tano za mchele zinakwenda na kilo mbili za nyama," alisema Mwalimu siku ya pili. "Kilo arobaini za mchele zitakwenda na kilo ngapi?"

Ashatu akaandika ubaoni: 16.

"Onyesha njia."

"Njia ya nini, na jibu hilo hapo?"

"Umelipataje?"

"Nimelipata."

Mnajua mpishi wa shughuli alivyo. Kuna kina mama wamekaa jikoni kwa Ashatu miaka kumi, na mpaka leo hawajui pilau lake anatia nini wakati ule anapowatuma wote nje wakachote maji. Kuonyesha njia, kwake, ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa kabati. Mwalimu alimsihi, akamkaripia, akamsihi tena. Ashatu akawa anaandika jibu kwanza, kisha anabuni njia ya kulifikia, ya uongo mtupu, mradi imalizikie mahali pake. Siku moja aliandika njia ndefu yenye mistari sita, iliyogawanya nyama kwa idadi ya siku za wiki, na mwisho ikafika kumi na sita kweli. Mwinyijuma aliifuatilia mstari kwa mstari, akaishiwa nguvu, akaomba chai.

"Sikiliza, Ashatu," alisema alipokwisha kunywa. "Anayesahihisha hakujui. Hajawahi kula kwako. Njia ndiyo inayomwonyesha kwamba aliyepika ni wewe."

Ashatu alimtazama. Angeweza kumwambia la mwaka themanini na nne hapo hapo, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili, akalimeza. Akafuta ubao, akaandika: arobaini gawanya kwa tano ni nane. Nane mara mbili ni kumi na sita. Mistari miwili, ya kweli. Mwalimu akasema vizuri, na akatazama upande wa barabarani kwa muda mrefu bila kuona kitu cha kutazama.

Wiki ya tatu ikaingia x.

"Huyu ni nani?" aliuliza Ashatu.

"Ni namba ambayo bado hatuijui."

"Na kama haijulikani, kwa nini imewekwa katikati ya watu?"

Mwalimu aliandika: 3x + 6 = 36. Akaeleza kwamba alama hizi mbili za katikati zina maana pande zote ni sawa, na chochote utakachoufanyia upande mmoja sharti uufanyie na wa pili, vinginevyo usawa umevunjika. Alikuwa amefundisha jambo hili miaka thelathini na mitatu, na alijitayarisha kulieleza mara tano.

"Kumbe ni wake wenza," alisema Ashatu.

"Nani?"

"Hawa. Baba yangu alikuwa na wawili, nimekulia humo. Ukimnunulia bi mkubwa kanga, bi mdogo naye kanga. Ukimpunguzia huyu mafuta ya taa, na yule unampunguzia, vyombo visije vikavunjwa." Akachukua chaki mwenyewe. "Bi mkubwa namtoa sita, bi mdogo namtoa sita. Inabaki tatu za huyo x wako, na huku thelathini. Nagawa kwa tatu huku, nagawa kwa tatu kule. Kumi."

Ilikuwa sahihi, na njia yote ilikuwa ubaoni, mstari chini ya mstari. Mwinyijuma alisahau kumsifu. Ashatu alikuwa bado anaitazama ile x.

"Kwa hiyo mtu ukiwa hujui kitu ni kingapi, unakiwekea nafasi yake, unakipa jina, mpaka kijulikane?"

"Ndivyo."

"Basi hii ni kawa," alisema Ashatu. "Bibi yangu angeielewa."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alifika shuleni saa mbili asubuhi, kalamu tatu kwenye kifundo cha kanga. Alipita jikoni kwanza kusalimia, akawaagiza wenzake wapeleke chai ofisini saa nne, vitumbua na vikombe vitatu. Kisha akaingia ofisini kwa Madam Raya, akapewa meza pembeni, na karatasi.

Nisiwachoshe na yote kumi. Mengi aliyafanya vizuri, na kwa njia zake. Lile la wake wenza alilimaliza kabla Madam hajageuza ukurasa wa gazeti, akinong'ona peke yake, "Na wewe toa, na wewe toa." Lakini swali la nne lilimkera. Lilisema tangi lina bomba la juu linaloingiza maji na bomba la chini linaloyatoa, je, litajaa kwa muda gani? Ashatu aliishi Kaole, maji anayajua thamani yake. Aliandika: *Lifungwe kwanza bomba la chini.* Akapiga mstari, akaendelea.

Swali la sita: basi linatoka Msata saa mbili asubuhi kwenda Bagamoyo, kilomita sitini, kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Litafika saa ngapi? Aliandika: *Saa nne, kama litajaa mapema.*

Swali la nane lilitaka mchele wa wasichana mia moja na ishirini, kila mmoja gramu mia mbili na hamsini, jibu liwe kwa kilo. Alizidisha bila kosa, akapata elfu thelathini, na kwa kuwa gramu kwake ni kipimo cha duka la dawa, akasahau kuzigeuza.

Halafu swali la kumi. Siku ya Maulidi ya shule wasichana tisini na sita watakula kwenye masinia, wanne kwa kila sinia. Yatahitajika masinia mangapi?

Ashatu aliandika njia: 96 gawanya kwa 4 ni 24. Akainua kalamu. Mkono haukukubali kuondoka. Maulidi, siku ambayo geti linafunguliwa na watu wanaingia kusikiliza kasida, uwapikie masinia ishirini na manne kamili? Mtu na akili zake? Akakumbuka kiapo. Alikuwa ameapa kutomwingiza mgeni kwa idadi yoyote. Alifikiri sana, akitafuna kalamu. Kisha akaandika chini yake, kwa herufi nzuri: *24 + x.*

Saa nne chai ikaletwa, sinia limefunikwa kawa. Madam Raya akafunua, akahesabu.

"Vikombe vitatu. Cha tatu cha nani?"

"Sijui, Madam."

Madam alimtazama, akamimina viwili, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha mbele yake. Vema. Vema. Vema. Kwenye tangi la maji alikohoa. Vema tena. Kwenye basi alisimamisha kalamu, akasema polepole kwamba hata yeye lilimfikisha saa nne na nusu, lakini swali ni swali. Kosa. La wake wenza, vema. Swali la nane akasoma kwa sauti.

"Kilo elfu thelathini za mchele, Bi Ashatu. Hayo ni malori mangapi ya tani kumi?"

"Matatu," alisema Ashatu.

"Hilo ndilo umepata, na silo nililouliza." Kosa. Swali la tisa, vema. Akahesabu. Sita. Makosa matatu, na moja limebaki.

Akasoma la kumi, na kalamu nyekundu ikashuka kuandika kosa. Ashatu aliiona ikishuka. Akaona na kofia ya Amin.

"Madam, tafadhali. Tazama njia."

"Njia naiona. Ishirini na nne ni sahihi. Hii x ni nini?"

"Masinia ya mgeni."

"Wageni wangapi?"

"Ningewajua ningeandika namba, Madam. Ndiyo maana nimeandika x."

Kalamu ilibaki hewani. Madam Raya alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akiwa pia mwalimu wa hisabati hupata taabu mara mbili. Alisema x haiwezi kuwekwa tu mahali, lazima itoke kwenye swali. Ashatu akasema haitoki kwenye swali, inatoka getini. Walikuwa hapo, hakuna anayemwachia mwenzake, mlango ukagongwa.

Akaingia Mwalimu Mwinyijuma, kanzu nyeupe, jasho usoni, amekuja kwa miguu kutoka Kaole.

"Samahani, Madam. Sikuitwa," alisema, bado ameshika mlango. "Nimeshindwa kukaa nyumbani. Kama karatasi ya huyu ina majibu matupu, nakuomba usiseme ameibia. Mimi nilisema hivyo mwaka themanini na nne. Alipata ishirini kwa ishirini, nikampa sifuri na viboko viwili. Aliyekaa jirani yake alipata manne. Niliyaona yale manne jioni ile ile, nilipofika kwenye karatasi yake. Nilikuwa mwalimu mpya, niliona haya kurudi darasani kusema nimekosea. Kila siku nikajiambia kesho. Kosa lilikuwa langu, Ashatu."

Kwa miaka arobaini Ashatu alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa ajili ya siku hii, mengine makali, ya kusemewa nje tu. Aliyatafuta yote, hakuliona hata moja. Machozi yakamjia, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Akavuta kiti.

"Kaa, Mwalimu," alisema. "Chai inapoa."

Akamimina kikombe cha tatu.

Madam Raya alikitazama kile kikombe. Akamtazama mzee aliyekuwa anakipuliza. Kisha akaivuta karatasi, na chini ya *24 + x* akaandika kwa wino mwekundu, *x = 1*, akatia vema.

"Saba," alisema. "Jumatatu unaanza. Na gramu utajifunza, hilo sikusamehe."

Mwinyijuma aliweka kikombe chini, akaomba kalamu ile nyekundu. Akaigeuza karatasi ya Ashatu, na nyuma yake, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, akaandika *20/20*, akatia sahihi na tarehe. Akampa kwa mikono miwili.

Ashatu aliisoma, akaisoma tena.

"Hukuonyesha njia, Mwalimu," alisema.

Madam Raya akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ahamie shule ile. Mzee akaichukua karatasi, akafikiri, akaandika chini yake: *0 + 20 = 20. Sifuri ilikuwa yangu.*

Ashatu akaikunja mara nne, akaifunga kwenye kifundo cha kanga pamoja na kalamu zake. Kisha akamsogezea Mwalimu sahani ya vitumbua, akahesabu vilivyobaki, akatenga viwili, akavifunika kawa.